Mguu Usiosikia Moto

Sipendi watu wanaosema "ni mguu tu." Nikimsikia mtu anatamka hivyo, iwe kwenye foleni ya bomba au kwenye kikao cha walimu, naacha ninachofanya namgeukia. Ni mguu tu! Jino likikuuma mtaa mzima unajua, jicho likikuwasha unakimbizwa hospitali, lakini mguu ukiharibika ndani ya kiatu utaambiwa upake mafuta na uache kudeka. Na sisi watu wa Arusha ndio hodari wa mambo hayo. Kiatu kinapigwa rangi pale stendi mpaka kinang'aa, soksi safi, suruali imenyooshwa, kumbe ndani, katikati ya vidole, kuna fangasi waliohamia tangu masika na hawana mpango wa kuondoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimesimama kwenye sakafu ya saruji mpaka visigino vikawa vinanichoma kila asubuhi nikishuka kitandani. Kwa hiyo habari za miguu nisifundishwe na mtu.

Ninayetaka kumsema ni dada yangu, na mguu wake wa kulia.

Tumefuatana, yeye mkubwa, mimi mdogo. Tangu utotoni yeye ndiye wa kuamua na mimi ndiye wa kubisha. Anakaa Olmotonyi, kwenye mteremko wa Meru, karibu na msitu, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na anaishi na binti yake. Mimi nipo huku chini, Terrat, kwenye vumbi. Alikuwa anauza ndizi na viazi sokoni, siku nzima wima, mvua ikinyesha anavaa mabuti ya mpira, jua likiwaka anavaa yeboyebo za plastiki. Watu walikuwa wanamsifu kwamba ana miguu ya chuma. Sifa za kijinga kabisa. Hakuna mtu mwenye miguu ya chuma.

Alipogundulika ana sukari alipewa vidonge na tarehe za kliniki. Vidonge alimeza akikumbuka. Kliniki alikwenda akipata nafasi, na mfanyabiashara wa sokoni hapati nafasi. Halafu miguu ikaanza kumwaka moto. Alikuwa anasema ni kama amekanyaga majivu yenye makaa. Olmotonyi hiyo, yenye baridi ya kugonganisha meno, mtu anatoa miguu nje ya blanketi na kuiweka ukutani ipoe! Asubuhi anaamka macho mekundu, anapanga viazi vyake kwa hasira, na mteja akimwomba ampunguzie bei anafukuzwa kama kuku.

Hapo ndipo madaktari wa sokoni wakajitokeza. Mmoja akamwambia aloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, moto wa kweli, ule wa kunyonyolea kuku. Mwingine akamletea majani kutoka msituni yanayonuka kama soksi za mgambo. Mama mmoja muuza nyanya alimkalisha kwenye kreti, akachukua wembe na kumkata sugu ya chini ya kidole gumba mpaka damu ikatoka, kisha akapaka petroli, eti inaua wadudu. Nilipoliona lile jeraha niligombana na yule mama mpaka nyanya zikamwagika. Dada akanikasirikia mimi. Wa wembe hakukasirikiwa.

Lakini hasira yangu kubwa haikuwa kwa muuza nyanya.

Kulikuwa na kanisa dogo la maombi, banda la mabati pembeni ya barabara, na jirani mmoja wa dada alikuwa anasali hapo. Sisi tumekua Walutheri, wa kuimba kutoka kwenye kitabu na kurudi nyumbani kula. Sina ugomvi na maombi. Hata mimi huomba, na ninaomba kwa sauti. Dada akapelekwa, akaombewa, akarudi tena, akaombewa tena. Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Moto ukapungua. Halafu siku moja akanipigia simu, anacheka na kulia kwa pamoja: "Mdogo wangu, nimelala! Nimelala kama mtoto! Moto umeondoka!"

Nilifurahi. Ningeacha kufurahi? Jumapili yake nikavaa kitenge nikaenda kusikiliza ushuhuda wake. Alisimama mbele, mkono mmoja juu, mwingine umeshika maiki.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameen!"

"Miguu hii ilikuwa inaniwaka moto. Nilikuwa nalala na taulo la maji. Leo hapa niliposimama, sisikii moto. Sisikii chochote! Hata mkinikanyaga, sisikii!"

Banda liliripuka. Vigelegele, ngoma, kinanda, watu wakimshika miguu na kulia. Mchungaji, kijana mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi vizuri mno, akapiga magoti mbele yake. Na mimi nikapiga makofi kama wengine, kwa sababu alikuwa dada yangu na alikuwa amepata kulala.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Akahamishiwa kiti cha mbele. Akiingia watu wanasimama. Wanawake wenye magaga visiginoni, wazee wenye vidole vilivyovimba, mafundi wenye sugu, wote walikuwa wanapangwa mstari, naye anawawekea mikono miguuni. Mwanamke aliyezoea kupigiwa kelele na wateja juu ya viazi vidogo sasa anaitwa "mama wa uponyaji." Na kule kuna kanuni moja ambayo kila mtu anaijua ingawa haijaandikwa popote: ukishashuhudia, usikiri ugonjwa tena. Ukisema unaumwa, umeurudisha mwenyewe. Ukienda kliniki kuangaliwa kama umepona, maana yake hukuamini kwamba umepona. Basi dada akaacha kwenda kliniki. Alikuwa anasema, "Naenda kutafuta nini?"

Visigino vyangu vilipozidi nikaamua kwenda kuvionyesha kliniki, nikamwambia dada anisindikize. Sikumwambia kwamba nina langu moyoni. Kule kliniki tulikutana na nesi mmoja mnene, mkali, wa aina ile inayokuita "wewe mama" hata kama mmelingana umri. Aliniminya kisigino nikaruka, akaniambia nyama ya unyayo imevutika, niache ndala bapa, niwe nanyoosha misuli ya mguu kabla ya kushuka kitandani, na nikikaa niviringishe unyayo juu ya chupa. Halafu akamtazama dada.

"Na wewe mama?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

"Una sukari?"

Mimi nikajibu, "Anayo." Jicho alilonipa!

"Vua viatu."

Alivua kwa shingo upande. Kiatu cha kulia kilipoinamishwa, kikadondosha kokoto. Siyo mchanga, jamani, kokoto, la ukubwa wa punje ya harage, lenye ncha, la barabarani lile. Katika unyayo wake palikuwa na shimo lenye umbo la lile kokoto, jekundu, limeanza kulowana. Alikuwa amelitembelea tangu nyumbani kwake. Mimi nikashika mdomo. Dada akalitazama kokoto, akatabasamu uso mzima.

"Mnaona?" akasema. "Hata jiwe halinisumbui tena. Mungu ni mwema."

Nesi hakucheka. Alimwambia afumbe macho, akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni, akaanza kumgusa nyayo. "Nikikugusa sema ndiyo." Akagusa kidole gumba. Kimya. Akagusa katikati ya unyayo. Kimya. Akagusa kidole cha mwisho, akagusa kisigino. Dada amefumba macho kwa amani, anasubiri kuguswa. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia kila mguso.

"Nimemaliza," nesi akasema.

"Kwani umeshaanza?" dada akauliza.

"Sikia wewe mama. Kutosikia siyo kupona. Mguu unaouma unakuambia kitu. Huu wa kwako sukari imeua mishipa yake ya fahamu, umenyamaza, na mguu ulionyamaza ndio unaokatwa. Kuanzia leo, kila jioni unaangalia nyayo, usipoona unaweka kioo chini. Unaosha kwa maji ya uvuguvugu, na usipime kwa mguu, pima kwa kiwiko. Unakausha katikati ya vidole. Mafuta unapaka, lakini siyo katikati ya vidole, huko unafuga fangasi. Kabla ya kuvaa kiatu unatia mkono ndani. Pekupeku marufuku, hata chumbani. Wembe marufuku. Moto marufuku. Na kliniki unarudi. Nani alikuambia umepona?"

Dada alivaa viatu vyake polepole, kwa heshima zote, akasema asante. Tulipofika nje, pale kwa muuza mihogo, akanigeukia.

"Usiwahi tena kunikiria ugonjwa mbele za watu."

"Kukukiria? Dada, una shimo unyayoni!"

"Wewe imani yako ni ya kitabuni. Nyamaza."

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Basi niache nife mimi na sikio langu." Akavuka barabara, kokoto limebaki kwa nesi, shimo ameondoka nalo. Lile shimo lilifunga lenyewe, kwa bahati, na kufunga kwake kukawa ushuhuda wa pili. Nilipoupata huo ushuhuda kwa simu nilitamani kuitupa simu ukutani.

Halafu ikaja baridi ya mwezi wa saba. Mtu asiyekaa upande huu wa Meru hawezi kuijua. Ukungu unashuka kutoka msituni asubuhi na hauondoki, mlima hauonekani, nguo hazikauki, na mchana kutwa watu wamejikunyata na makoti kama wako safarini. Kila nyumba inaingiza jiko la mkaa ndani, mlango unaachwa wazi kidogo, watu wanalizunguka na kunyoosha miguu. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akifika kwa dada yangu mwezi wa saba, kabla hajapewa chai anaambiwa, "Sogeza miguu jikoni."

Nilikwenda kwake Jumamosi mchana. Binti yake alikuwa ametengeneza loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, nami nilikuwa na njaa ya kutosha kusamehe mengi. Dada amekaa kwenye stuli, soksi mbili mbili kila mguu, yeboyebo juu yake, miguu imelikumbatia jiko. Alikuwa na furaha. Jumapili ya wiki iliyofuata angetoa shukrani kanisani, mwaka tangu aponywe. Sare zimeshashonwa, kitambaa cha zambarau, kwaya itaimba, yeye atacheza mbele mpaka madhabahuni. Ananielezea mikono ikicheza hewani.

Nikasikia harufu. Nikadhani mfuko wa nailoni umedondokea kwenye mkaa. Binti akadhani jirani anachoma taka. Dada mwenyewe akakunja pua.

"Nani huyo anachoma plastiki?" akauliza. "Watu hawana ustaarabu!"

Moshi ulikuwa unatoka kwenye kiatu chake.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kinywani mwangu. Nilimvuta, stuli ikaanguka, loshoro ikamwagika. Yeboyebo ya kulia ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, plastiki imeshikana na soksi, soksi imeshikana na ngozi. Binti akaleta maji ya tenki, baridi ya barafu, tukamwagia, tukamwagia tena. Nilikata soksi kwa mkasi. Vidole viwili vya pembeni vilikuwa vyeupe kama nta, na ubavu wa unyayo umefanya lengelenge kubwa kama yai. Nilikuwa nalia kwa sauti. Na yeye? Amekaa sakafuni, anautazama mguu kama anautazama wa jirani.

"Wala hauumi," akanituliza. Mimi ndiye nilikuwa natulizwa! "Hauumi, mdogo wangu. Acha kulia."

"Twende hospitali. Sasa hivi."

"Baada ya shukrani."

"Dada!"

"Watu wameshona sare. Wiki moja mguu hautakimbia."

Nilimwambia yote. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwita mjinga, nilimwita mwenye kiburi, nilimwita mama wa maonyesho. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema kwa sauti ile ya dada mkubwa, sauti ya marehemu mama, "Hapa ni kwangu. Chukua mkoba wako." Nikauchukua. Nilishuka mlima ule nikiwatukana watu wote wanaoshona sare duniani.

Katikati ya wiki nilipanda tena. Binti alitoka getini, amefunga kanga kifuani, haniangalii usoni.

"Shikamoo mama mdogo. Mama amesema hayupo."

Ndani nilimsikia ambaye hayupo anaimba pambio.

"Mguu ukoje?"

Binti akatazama nyuma, akashusha sauti. "Unanuka."

Mtaniambia ningemfuata mchungaji. Ningemfuata vipi, mtu niliyeamini ndiye aliyemfanya hivyo? Kwangu yeye alikuwa mwizi aliyevaa shati safi. Nilikuwa nakaa darasani, wanafunzi wananiitikia, na kichwani naona vidole viwili vyeupe.

Jumapili nikaenda. Banda limejaa mpaka nje, zambarau kila mahali. Dada akaingia na kwaya, amevaa gauni refu, uso umepakwa poda, anang'aa. Pale kwao madhabahu ni mahali patakatifu, kwa hiyo ukikaribia unavua viatu. Alivua. Amevaa soksi nyeupe. Na ngoma zilipoanza akacheza, jamani, akacheza kama msichana, anakanyaga chini kwa nguvu zote, puu, puu, kwa mguu ule ule, na kila alipokanyaga watu walizidi kushangilia, kwa sababu huyu ndiye yule aliyekuwa hawezi kulala kwa maumivu ya miguu. Hakuna aliyetazama sakafu. Mimi nilitazama. Kila alipoinua mguu wa kulia aliacha alama ya majimaji kwenye saruji, na ubavu wa soksi ulikuwa umegeuka rangi ya chai.

Mchungaji akauliza, "Kuna mwingine mwenye ushuhuda leo?"

Nikasimama. Nilipita katikati yao wakinipigia makofi, wakijua mimi ni mdogo mtu. Maiki ikawekwa mkononi mwangu. Dada akanitazama, akaelewa kabla sijafungua mdomo, na akatikisa kichwa kidogo tu, mara moja, kama tulivyokuwa tukikatazana mbele ya baba.

"Bwana asifiwe."

"Ameen!"

"Dada yangu hajapona. Mguu wake umekufa. Ameuunguza kwenye jiko wiki iliyopita na hakusikia, na sasa unaoza, na ninyi mnashangilia."

Nikapiga magoti, nikaushika mguu wake kwa nguvu, nikavua ile soksi.

Harufu ndiyo iliyowafikia kwanza. Kinanda kikanyamaza. Kisha mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Shetani ashindwe!" na haikuwa kwa mguu, ilikuwa kwangu. Wengine wakaitikia. Nilibaki pale chini nimekumbatia goti la dada yangu, nikisubiri kutupwa nje, na nilikuwa tayari kumng'ata mtu.

Mchungaji akanyoosha mkono wakanyamaza. Akachuchumaa kando yangu na suruali yake iliyopigwa pasi. Akautazama mguu.

"Mama," akamwambia dada, "hospitali ulienda lini?"

"Sijaenda tangu Bwana aliponiponya."

"Nani alikuambia usiende? Mimi nilikuambia?"

Dada akamwangalia. Akawaangalia wale waliovaa zambarau, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu.

"Mlinipigia makofi," akasema.

Aliyetupeleka hospitali ni yule yule mchungaji, kwa gari lake, akiendesha huku machozi yakimtiririka. Nilimchukia zaidi kwa yale machozi. Nilimtaka awe mwizi. Ingekuwa rahisi. Mwizi unajua pa kumweka, lakini kijana aliyeomba kwa moyo safi na hakuuliza swali moja utamweka wapi?

Vidole viwili vikaondolewa, na nyama ya ubavuni. Daktari alisema mguu umebaki kwa bahati, tungechelewa kidogo ungeondoka chini ya goti. Watu waliniambia nishukuru. Nimeshukuru. Wapo pia walioniambia niombe radhi kwa kumvua mtu mzima soksi mbele za watu, tena dada yangu mkubwa, tena madhabahuni. Hao nimewajibu na hawajarudi. Kesho ikinikuta pale pale, soksi ile ile, nitaivua.

Sasa anakaa kwangu Terrat, maana mlimani kuna baridi na kwenye baridi kuna jiko. Biashara ameiachia binti. Viatu vyake ni vipana, vya ngozi laini, vimefunikwa mbele, na kila asubuhi natia mkono ndani kabla hajavaa. Vidonge anameza kwa sababu nasimama mlangoni mpaka ameze. Mchungaji alikuja na watu wake kumwona, wameleta mchele na sukari, sukari, fikiria, na dada akajigeuza ukutani mpaka wakaondoka. Hajarudi kule. Kanisani kwetu pia haendi.

Hata nami haongei. Ananijibu nikimuuliza, kama mgeni anavyojibu kwenye hoteli. Mara moja tu alisema la moyoni. Nilikuwa nafungua bandeji, akasema bila kupandisha sauti, "Kule nilikuwa mtu. Nikiingia walikuwa wanasimama. Umeniokolea mguu ukanirudisha kuwa mgonjwa." Nilifungua bandeji mpaka mwisho. Nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Jioni naleta beseni. Napima maji kwa kiwiko. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anageuzia uso dirishani, ananyoosha mguu mpaka unatua mapajani mwangu.

"Haya," anasema. "Mguu wako huo."

Nauchukua. Nauosha kisigino, nauosha unyayo, napitisha kidole katikati ya vile vidole vitatu vilivyobaki, polepole, jinsi alivyokuwa ananiosha mimi nikiwa mdogo, kwenye karo la kufulia nje, tukitoka shambani na matope. Siku nyingine hasira inanipanda mpaka machozi yanadondokea ndani ya beseni, naminya mguu wake kwa mikono miwili, naubana kifuani, nataka tu ajue kwamba nimemshika. Jana nilifanya hivyo. Nikaubana mpaka mikono ikaniuma.

Naye, macho bado yako dirishani, akaniuliza, "Umeshaanza?"